Umeamua Kuwa Mdau? Soma Hapa Kwanza

Hongera kwa kuamua kuwa mdau wa watu wenye ulemavu. Vifaa si vingi: fulana, na simu yenye kamera nzuri.

Anza na tarehe 3 Desemba. Umoja wa Mataifa uliitenga siku hiyo mwaka 1992, nawe usiichafue kwa kuwauliza wenyewe wanataka nini. Kodi ukumbi. Ghorofa ya pili inafaa, ina upepo, na wenye vitimwendo watabebwa ngazini na vijana wa ulinzi, jambo linalopendeza sana pichani. Mkalimani wa lugha ya alama atafutwe asubuhi hiyohiyo. Akikosekana, mwombe mgeni rasmi apaze sauti.

Kisha kabidhi kitimwendo. Kimoja chatosha kushikwa na viongozi kumi na wawili. Usimpime mpokeaji, wala usiulize kama kwao njia ni mchanga mtupu na alichohitaji ni baiskeli ya magurudumu matatu. Mchanga hauonekani ukumbini.

Ukimkuta asiyeona kando ya Barabara ya Morogoro, mkamate mkono umvushe. Kama alikuwa anasubiri daladala upande uleule, shauri yake. Ukitaka kujua aendako, muulize aliyefuatana naye: "Huyu anakwenda wapi?" Fanya hivyo hata kama asiyeona ni wakili na mwenzake ni mpwa wake wa darasa la tatu.

Sasa tahadhari. Wenyewe, kuanzia shirikisho la vyama vyao, SHIVYAWATA, na chama cha viziwi, CHAVITA, hadi vile vikundi vya mtaani vinavyokutana chini ya mwembe bila bango, wana tabia mbaya ya kusoma. Watakutajia Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010: mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi anatakiwa asilimia 3 yao wawe watu wenye ulemavu. Wakishasema hivyo wanakutazama tu. Hapo mdau mwenye kampuni hukumbuka ana kikao kingine.

Ukibaki, itakuja ile asilimia 2 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ya kukopesha vikundi vyao. Watataka uwasindikize kwa ofisa maendeleo ya jamii, ukae kwenye benchi tangu asubuhi, na zamu ikifika unyamaze, kwa sababu mkopo ni wao na midomo wanayo. Kesho mrudi, mhuri haukugongwa. Huko hakuna kamera. Hakuna hata soda.

Wapo wadau waliozoea maisha hayo. Wanalipa nauli ya mkalimani, wanabeba mafaili, wakiitwa meza kuu wanasema wako sawa huku nyuma. Kaa nao mbali, wanatuharibia soko. Na siku utakapopewa kipaza sauti ukajikuta unampa mwenye fimbo nyeupe aliye kando yako, vua fulana haraka, kuna mgeni mwingine anaihitaji.