Mchumi wa Sakina

Wanaodai vijana wa vyuo hawajui fedha hawajawahi kupanga chumba Sakina. Dogo jirani yangu, bumu lilipoingia Jumatatu, alilipa programu moja ya mikopo, akakopa ya pili kulipa ya tatu. Alhamisi alikuwa na uwezo kamili wa kukopa maharage kwa Mangi. Tena hizo programu zina upendo: zikimkosa hewani humuulizia kwa mama, kwa shangazi, hata kwa fundi cherehani ambaye namba yake imo kwenye simu. Benki gani inakujali hivyo? Novemba 2024 Benki Kuu, sijui kwa wivu gani, ikazipiga marufuku 69 zisizo na leseni. Dogo hakutetereka. Mtaji uliobaki aliuhamishia kwenye mkeka wa timu 14, zikashinda 13. Darasani hiyo ni A.

Bibi yake wa Ngaramtoni bado yuko gizani: kibubu, VICOBA, mgao wa Desemba. Kapata ng'ombe mmoja tu. Jana dogo kampigia simu dakika arobaini kumwelimisha kuhusu fedha za kidijitali, mpaka salio likakata.

Bibi akapiga yeye, akauliza: "Mjukuu wangu, nitume na ya kutolea?"