Bati na Kihenge

Kijiji kimoja cha Dodoma, mwezi Februari. Mtama shambani unafika magotini. Nyumbani kwa bibi anayelea wajukuu, Panya anafunga virago.

KIHENGE: Wewe, safari ya wapi?

PANYA: Shikamoo babu. Nahama. Siku hizi naguguna fito zako tu.

KIHENGE: Marahaba. Subiri kidogo. Kuna mpango wa kunusuru kaya maskini, upo tangu 2012.

PANYA: Walishafika. Mkutano wa kijiji ulimtaja bibi, watu wakaitikia. Likaja dodoso, likamwona huyu aliyelala juu, jina la bibi likakatwa.

BATI: Nimekosa nini? Nilinunuliwa na binti yake anayefanya kazi za ndani Dar es Salaam, ili mama asilowe.

PANYA: Kosa lako kung'aa. Penye bati, kompyuta inayosoma dodoso inaona uwezo.

BATI: Mbona hawakumchungulia babu?

KIHENGE: Wangenichungulia lini, mjukuu wangu? Juni nimejaa, wataandika kaya ina chakula. Kabla wino haujakauka, anaingia mchuuzi na magunia ya lumbesa. Bibi anauza kwa bei ya kutupa alipe deni la njaa iliyopita. Ikifika Februari anaununua mtama ule ule kwa bei ya kukopa tena.

BATI: Lakini redioni walisema umaskini wa chakula umepungua, kutoka asilimia 9.7 mwaka 2011/12 hadi 8.0 mwaka 2017/18.

PANYA: Sibishi. Humu hata unga umepungua.

KIHENGE: Acha kejeli. Jirani wa nyumba ya nyasi yumo kwenye mpango. Fedha zikija, wanawe wanakula na shule wanakwenda. Fedha hazina ubaya. Ubaya ni kumpima mwenye njaa kwa paa lake.

BATI: Basi niezuliwe, bibi apate sifa!

KIHENGE: Ataandikishwa akiwa amelowa. Na akinunua bati kwa fedha hizo, watamfuta?

PANYA: Wangeniajiri mimi. Kila usiku napita nyumba zote; najua nani kalala na mlenda bila ugali. Nyumba nikiihama, waandike jina.

KIHENGE: Na sasa unahamia kwa nani?

PANYA: Kabatini, ofisi ya kijiji. Kuna madodoso na mikakati ya kuondoa umaskini ya miaka yote. Hayashibishi, babu, ila hayaishi.