Mheshimiwa Ndani ya Ndoo

Kama una shemeji anayeishi Marekani, sina haja ya kukueleza mengi. Utakuwa umeshapokea zile jumbe za sauti zinazoingia usiku wa manane, ndefu kuliko hotuba za mazishi, zikikufundisha namna ya kuendesha boma lako. Wangu tunamwita Minnesota, kwa kuwa huko ndiko alikohamia, kama Wakisii wengi, na huko ndiko alikojifunza kwamba sikukuu bila bata mzinga haijatimia. Wamarekani humla Alhamisi ya nne ya Novemba, siku yao ya kushukuru. Minnesota akaamua kwamba sisi wa Itumbe, Kisii, tumle Krismasi.

Mke wangu, Meneja, haipuuzi amri ya dadake. Akanunua vifaranga. Sasa, mwenzangu, kuku wa kienyeji unaweza kumwachia Mungu na ua wa nyuma, lakini bata mzinga ni mtoto wa kulelewa. Mayai yake huatamiwa siku 28, wiki nzima zaidi ya ya kuku, na kifaranga akishatoka, baridi na unyevu humwua upesi. Hapa Itumbe mvua haituachi, ndiyo maana chai inatupenda na kiwanda chake kipo. Chakula chake lazima kiwe na protini nyingi kuliko cha kuku, na tena hashauriwi kufugwa pamoja na kuku, maana kuku hubeba ugonjwa wa ini usiowasumbua sana wao lakini unaomwangusha yeye. Kwa hiyo kuku wetu wakahamishwa, vifaranga wakapewa banda lao, makaa yakawaka usiku kucha. Wakafa mmoja baada ya mwingine. Akabaki dume mmoja.

Watoto wakampa jina Mheshimiwa. Alitembea kifua mbele, mkia ameutandaza, na ile nyama inayoning'inia kidevuni ikiwaka nyekundu kila alipopingwa. Watu wa bodaboda aliwasindikiza hadi langoni kwa kishindo. Usiku alilala juu ya mparachichi, akakataa banda tulilomjengea kwa gharama. Mtoto wetu wa pili, Mwanasheria, aliyekuwa darasa la sita na hajawahi kukubali hoja ya mtu, alianza kumwombea msamaha tangu Novemba.

Krismasi hiyo ya 2022 iliangukia Jumapili. Ukijua nyumba za Kiadventista kama yetu utaona tatizo lilipo. Sabato huanza Ijumaa jua linapozama na huisha Jumamosi jua linapozama, kwa hiyo kila kilichotaka kuchinjwa na kunyonyolewa kilipaswa kumalizwa Ijumaa, Siku ya Maandalio, kabla ya saa kumi na mbili na nusu jioni. Na Minnesota alikuwa ameshatuma ujumbe: ndege asipikwe kabla hajalazwa kwenye maji ya chumvi usiku na mchana.

Hoja yake ilikuwa nzuri, nakiri wazi. Kifua cha bata mzinga kina mafuta kidogo sana. Kabla mapaja hayajaiva, kifua kimeshakauka. Ukimlaza kwenye maji ya chumvi, chumvi huingia polepole, inalegeza nyuzi za protini, na nyuzi hizo zikishalegea hukamata maji na kuyashikilia hata motoni. Kipimo chake kilikuwa gramu 60 kwa kila lita, yaani karibu paketi ya nusu kilo kwa lita nane. Chumvi ichemshwe kwenye maji kidogo hadi iyeyuke, maji yapoe kabisa, ndipo ndege aingie. Na yasipande joto zaidi ya nyuzi nne au tano, maana nyama mbichi kwenye maji vuguvugu ni sumu.

Sasa nenda ukatafute chombo cha kumtosha Mheshimiwa. Jokofu letu ni la kimo cha mtoto, na siku hizo lilikuwa limejaa maziwa. Ndoo pekee ya lita 20 yenye mfuniko ilikuwa na unga wa wimbi. Meneja akaumwaga unga kwenye sufuria kubwa. Sufuria ilikuwa imengojewa na unga wa chapati, ambao ukahamia kwenye beseni la nguo. Nguo zikahamia kitandani kwangu. Nyumba hii ndivyo inavyoendeshwa, nami nimeizoea: kitu kimoja kikisogea, mimi ndiye ninayekosa mahali pa kulala.

Ijumaa Mheshimiwa akachinjwa na kunyonyolewa. Jirani alitugandishia chupa za maji, tukazipanga kumzunguka ndani ya ndoo pamoja na limau, vitunguu saumu na majani ya giligilani. Swali likabaki: ndoo iwekwe wapi? Jikoni kuna paka. Varandani kuna mbwa. Sebuleni kuna wageni. Chumba chenye sakafu baridi na mlango unaofungwa ni kimoja tu, chumba chetu cha kulala. Ikaingia humo, jua likazama, tukafungua Sabato kwa wimbo.

Wakati wa maombi Mwanasheria akauliza kama chumvi inayofanya kazi usiku huo haivunji Sabato. Meneja akamjibu kwamba hakuna mkono wa mtu uliokuwa ukifanya kazi. Mwanasheria akasema chumvi tuliitia sisi. Mjadala uliendelea hadi kitandani, kwa wale waliokuwa na kitanda.

Jumamosi alasiri, baada ya kanisa, akaja mama mkwe wangu kutoka Nyamira. Namheshimu mno, na watoto humwita Gavana kwa sababu akifika tu boma zima hubadilisha uongozi. Kwa desturi yetu Abagusii, kwa ajili ya ensoni, yaani haya na heshima, mimi naye hatupeani mkono, na chumba changu cha kulala ni mahali asipokanyaga kamwe. Akaketi sebuleni, akanusa hewa, akauliza kwa upole, "Ile nyama iko wapi?"

Kitindamimba, ambaye hajui siri, akasema, "Nyanya, Mheshimiwa analala kwa Baba."

Gavana alinyamaza kwa muda. Kisha akatoa hukumu: nyama haiwezi kulala chumbani kwa mkwe wake, na tena ndani ya maji baridi, nyama gani hiyo! Kwa kuwa hawezi kuingia, akawatuma wajukuu waitoe. Meneja alikuwa bado njiani kutoka kanisani, na mimi, kwa ensoni hiyo hiyo, sikuwa na nafasi ya kubishana na mama mkwe. Mwanasheria akashika utambo, Kitindamimba akasukuma kwa nyuma. Ndoo ikafika kizingitini, ikakwama, mfuniko ukaruka.

Maji ya chumvi yalienda chini ya kitanda, yakapita viatu vyangu, yakalowesha sanduku la nguo za Krismasi. Chupa za barafu zikabiringika hadi sebuleni. Mheshimiwa mwenyewe akateleza kwenye saruji kifua mbele, kama alivyoishi, akasimama miguuni pa Gavana. Mbwa akaja mbio. Gavana, licha ya umri wake, alimnyanyua ndege yule juu ya kichwa chake kabla mbwa hajafika.

Nani apige deki siku ya Sabato? Ni Gavana mwenyewe aliyetukumbusha yule ng'ombe aliyetumbukia kisimani, ambaye Yesu alisema atatolewa hata siku ya Sabato. Kwa andiko hilo tulipiga deki sote, Mheshimiwa akasuuzwa, akapewa nafasi ya maziwa kwenye jokofu.

Jumapili hakukuwa na sufuria ya kumtosha mzima, kwa hiyo alikatwa vipande, akaokwa kwenye sufuria juu ya jiko, makaa mengine yakiwa juu ya mfuniko. Ikapikwa mboga ya chinsaga kwa maziwa yale yaliyofukuzwa jokofuni, kukawa na ugali wa wimbi na chapati. Firigisi, ambayo ni haki ya mwenye boma, Gavana alimpa Mwanasheria kwa kupoteza rafiki. Mwanasheria aliila bila pingamizi.

Na kifua? Kililainika, kikatoa maji kilipokatwa, na chumvi ilikuwa imefika hadi mfupani. Sijawahi kula nyama ya ndege iliyo bora kuliko ile hapa Itumbe. Gavana aliongeza mara mbili, na kabla hajapanda matatu kurudi Nyamira alimwuliza bintiye kipimo cha chumvi kwa kila lita.

Basi nawe ukitaka kujaribu, usizidishe chumvi hiyo, badilisha chupa za barafu kabla hazijayeyuka, na maji yale ukayamwage mbali, wala usiyatumie tena kwa kitu kingine. Tafuta ndoo yenye mfuniko unaobana. Na kama mama mkwe anakuja, mwambie mapema nyama iko wapi.