Barua ya Wazi: Ombi la Kuthibitishiwa Umaskini

Kwa Mkurugenzi Mtendaji,
Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu.

YAH: MAOMBI IMARA YA MKOPO KUTOKA SHIGHATINI

Ndugu Mkurugenzi,

Kichwa cha habari hapo juu chahusika. Sisi wazazi wa Shighatini, Wilaya ya Mwanga, Upare Kaskazini, tunaleta pongezi. Tangu Bodi yenu ianze kazi mwaka 2005 mmetufundisha jambo ambalo babu zetu hawakulijua: kwamba umaskini ni kazi ya kitaalamu, na asiyejiandaa hawezi kuufanya vizuri. Huku kwetu tulikuwa tunaufanya ovyo tu, bila nyaraka.

Nchi nzima inatutania kwamba Mpare yuko radhi kuuza ng'ombe ashinde kesi ya kuku. Utani huo tumeuzoea, na kwa kweli hatujawahi kuukanusha kwa nguvu. Nyinyi mmeuboresha. Sasa mzazi wa hapa anauza mbuzi ili akathibitishe kuwa hana mbuzi. Kuna ada ya maombi, shilingi 30,000, hairudishwi. Kuna cheti cha kuzaliwa, kisha kukihakiki RITA, wakala wa serikali wa usajili. Kuna wakili au hakimu wa kushuhudia kiapo, mdhamini mwenye kitambulisho, na mhuri wa serikali ya kijiji. Kuna kijana wa stesheneri wa kuprinti, kuskani na kupakia, ambaye siku hizi ndiye mshauri mkuu wa elimu ya juu katika tarafa nzima. Na kuna nauli ya kushuka Mwanga na kupanda, kisha kushuka tena kwa sababu saini ilitoka nje ya kisanduku. Mzazi akimaliza hayo yote, maneno ya fomu yanakuwa kweli tupu: mbuzi hana.

Hapo bado hatujagusa udahili wenyewe. Tangu mfumo wa pamoja wa udahili wa Tume ya Vyuo Vikuu (TCU) uachwe mwaka 2017, mtoto anaomba chuo kimoja kimoja, na vyuo navyo vina ada zao. Hayo tutawaandikia wenyewe tukipata mbuzi wengine.

Ngoja niseme kuhusu vyeti, maana ndiko utamu uliko. Wamisionari wa Leipzig walipanda milima hii enzi ya Mjerumani, na kwa zaidi ya miaka mia Walutheri wa hapa wameandikwa vitabuni: nani kabatizwa lini, baba nani, mama nani. Cheti cha ubatizo kimetuozesha na kimetuzika. Kwenye fomu yenu hakina kazi. Kinachotakiwa ni cha RITA, wakala ulioanzishwa mwaka 2006, yaani rika moja na waombaji wenu. Majirani zetu Waislamu wa Usangi wanatucheka kwamba wao walau hawakupoteza muda kukitafuta hicho cha ubatizo.

Marehemu ndio wametupa shida zaidi. Yatima anapewa kipaumbele, na ni haki kabisa. Ila sharti baba yake awe amekufa kwa cheti kilichohakikiwa. Wazee wetu, kwa kutojua, wamezoea kufa kienyeji. Mtu anaugua, anafia nyumbani, anazikwa pembeni ya migomba yake, waombolezaji wanakula makande, wanatawanyika. Tulidhani mambo yamekwisha. Kumbe mwanawe akifaulu kidato cha sita, inabidi turudi nyuma miaka kumi kumfisha marehemu upya, safari hii kwa karatasi, na mashahidi wenyewe nao wengine wameshamfuata. Tunaomba mwongozo: mzazi anayetarajia kufa mtoto akiwa bado shuleni, afike ofisi ipi, na akiwa na picha ngapi za pasipoti?

Mwaka 1945, Ndugu Mkurugenzi, wazee wa milima hii walishuka kwa maelfu hadi Same, wakakaa huko kwa miezi wakipinga mbiru. Ilikuwa kodi ya enzi ya mkoloni iliyokadiriwa kwa kila mtu kulingana na mali yake, na makadirio yenyewe walipakodi hawakuyaelewa. Wanawake nao wakaingia katika ugomvi ule. Profesa Isaria Kimambo ameuandikia kitabu kizima. Mwishowe kodi ikaondolewa. Wajukuu wa watu wale wanashuka leo, kwa hiari yao, ada mkononi, kuomba wakadiriwe! Uhitaji wao unapimwa kwa kompyuta, jibu linatoka, na mzazi akiuliza kwa nini wa jirani kapata zaidi, anaambiwa ni vigezo. Mkadiriaji wa mbiru walau ungeweza kukutana naye njiani ukamnunia.

Tumechunguza pia ombi imara linafananaje, ili tuige. Ni la mtoto mwenye shangazi mwalimu, mjomba mwenye kompyuta na rafiki wa familia aliye wakili. Kila ukurasa unasomeka, kila jina linafanana kwenye vyeti vyote, na limeingia siku ya kwanza ya dirisha. Dosari kubwa zaidi tumeziona kwa mtoto wa juu kabisa, karibu na msitu, anayeishi na bibi. Jina lake cheti kimoja kinaliandika hivi na kingine vile. Si ajabu, hata kata yetu wengine huiandika Shigatini. Bibi aliulizwa mwaka wake wa kuzaliwa, akajibu ni ule wa njaa. Sasa mtuambie njaa ipi, maana mfumo unataka tarehe.

Yupo na aliyesomeshwa shule ya kulipia na mfadhili. Alifadhiliwa kwa sababu ni maskini. Shule ile ile sasa inamfanya aonekane mtoto wa tajiri, mpaka itafutwe barua ya kueleza kwamba hakujilipia. Mfadhili mwenyewe yuko Ujerumani na ni mzee sana. Tunamwombea afya njema walau mpaka dirisha lifungwe.

Hatusemi muwape wote. Fedha hazitoshi, na wapo wanaojiandika mafukara ilhali gari la baba limeegeshwa nje ya stesheneri. Lakini tatizo lenu ndilo hilo hasa: huyo wa gari ndiye anayejua kuandika ufukara. Tena huu ni mkopo. Mtoto akiajiriwa, sheria inamkata asilimia 15 ya mshahara wa msingi mpaka deni liishe. Benki inamtaka mkopaji aonyeshe mali aliyo nayo, nyinyi mnataka aonyeshe asiyo nayo, na wote mnataka mdhamini.

Pendekezo letu halihitaji kompyuta. Mfuko wa Maendeleo ya Jamii (TASAF) ulipotafuta kaya maskini, uliitisha mkutano wa kijiji na watu wakatajana hadharani. Haukuwa mkutano wa malaika. Kuna waliotajwa kwa udugu na kuna walioachwa kwa kinyongo, na lawama zake bado tunazo. Lakini ni vigumu kusimama mbele ya majirani na kusema huna ng'ombe wakati majirani hao hao wanamsikia akilia. Namba ya TASAF tayari mnaitambua. Basi itisheni mkutano kama huo kwa ajili ya waombaji wote wa kijiji, orodha ibandikwe ofisini, mwenye pingamizi aseme mchana kweupe. Wapare kwa pingamizi hatuhitaji semina. Ada ya maombi isubiri mpaka mtoto apate mkopo, muikate humo humo. Na RITA wapande wao mlimani, hata mara moja kwa mwaka, waandike waliozaliwa na waliokufa kwa safari moja. Chai tutawapa.

Mkiona pendekezo hili halifai, tunaomba mtujibu kwa barua yenye mhuri, si kwa ujumbe wa kwenye akaunti ya mwombaji. Nywila anayo kijana wa stesheneri.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Wazazi na Walezi,
Shighatini.

Nakala:
RITA, kwa uhakiki wa saini zetu.
Mwenyekiti wa Kijiji, anunue wino.