Sifa za Kipokezi Kisichojua Kiliko

Simba ana wa kumsifu, na bahari haijakosa mshairi. Kipokezi cha GPS kilichoharibika hakina mtu, basi nimejitolea mimi fundi wake. Hakizidi kibiriti kwa ukubwa. Kilikuwa ndani ya traka ya ndege ya viti vinne, hapa kiwanja cha Ukunda, na kwa siku tatu hakikuniacha nile mahamri kwa raha.

Kazi ya traka ni kumwambia mwenye ndege, aliyeketi Nairobi, mali yake iko wapi. Rubani haihitaji: akitoka Wilson akaviona vilima vya Shimba, na bahari nyuma yake, ashajua kafika.

Jumatatu simu ililia. “Fundi, ndege yangu inafanya nini baharini kule Ghana?” Nikachungulia. Ndege ilikuwa pale pale ilipolala, tumbili kakaa juu ya bawa. Kipokezi kikikosa jibu, traka nyingine huandika sifuri kwa latitudo na sifuri kwa longitudo, na hapo ni katikati ya Ghuba ya Guinea, zaidi ya kilomita 4,000 magharibi ya Diani. Ni safari bila tone la mafuta. Nitajieni ndege nyingine iliyofanya hivyo.

Jumanne ilirudi nyumbani, ila si mpaka chini. Ilisimama angani juu ya Msambweni, haiendi mbele, hairudi nyuma, tangu alfajiri hadi adhuhuri. Kumbe kipokezi kilishika nukta ya mwisho kilipoiona mbingu vizuri, kikaing'ang'ania. Jumatano ndege ikatoka matembezi, ikizurura juu ya mwamba wa matumbawe mbele ya hoteli kama mtalii mgeni.

Watu wakaita huo ubovu. Mimi nauita uenyeji. Nani kwetu huulizwa kwa simu “uko wapi?” akasema kweli? “Niko karibu kufika,” naye bado anatafuta soksi. “Nishapanda feri,” kumbe yuko Ukunda, anangoja matatu ijae. Kifaa kilitoka kiwandani kikisema kweli tupu, kikakaa pwani miaka miwili, kikastaarabika.

Wala si chenyewe kilichoanza kukosea. Marekani, wenye GPS yao, walikuwa wakitia kosa la makusudi katika mawimbi ya raia, mita 100 hivi, hadi Mei 2000 walipoliondoa. Kosa lilikuwa sera ya serikali. Changu kimeendeleza mila, ila kimeongeza bidii.

Tena fikirieni mwaka 1498. Vasco da Gama anafika Malindi, anaomba rubani wa kumvusha hadi India, anapewa mjuzi asiyekosea, na yaliyofuata tunayajua. Laiti rubani yule angekuwa na kipokezi changu! Mreno angejikuta amerudishwa Ghuba ya Guinea, anashangaa amefikaje huko. Fort Jesus isingejengwa. Kwa hilo peke yake kinastahili nishani.

Nilikitafutia ugonjwa kwa adabu, kama mtu anayempima mzee. Nikaanza na umeme: volti 12, zimetulia. Tukaisukuma ndege nje ya banda, maana chini ya mabati setilaiti hazionekani. Kisha tukangoja. Kipokezi kilichosahau kila kitu huhitaji dakika 12 na nusu kupokea ratiba ya setilaiti zote. Kijana wangu wa mkono alitaka kukizima na kukiwasha kila dakika mbili. Nikamkataza, maana kila ukizima unakirudisha darasa la kwanza. Sijui kifaa kingine kinachomlazimisha fundi kukaa kivulini kwa mujibu wa sayansi.

Setilaiti mbili. Nikachomoa chaja ya simu ya bei ya chee aliyoichomeka rubani, kwani chaja za namna hiyo hupiga kelele masikioni mwa GPS. Zikawa tatu. Tatu hazitoshi, inatakiwa ya nne ya kusahihisha saa, kwa sababu saa ikikosea kwa sehemu moja ya milioni ya sekunde, umepotea mita 300.

Ndipo nikafungua plagi ya waya wa antena. Ndani mlikuwa kijani kama mwani wa Tiwi. Chumvi ya kusi ilikuwa imepenya taratibu ikaila shaba. Mawimbi yaliyotoka juu kilomita 20,200 yalikuwa yakifika salama hadi pale, yakazuiwa na kutu isiyofika unene wa ukucha. Nikakata, nikafunga plagi mpya, nikaipaka grisi na kuizungushia tepu.

Setilaiti tisa. Ukunda, nyuzi 4 na ushei kusini, mahali penyewe hasa, mpaka unaweza kujua ndege iko upande gani wa tumbili. Kipenzi changu kimekwisha.

Simu ikalia. “Sasa naiona, fundi. Ahsante. Na wewe uko wapi?”

“Niko hapa chini ya bawa, bosi,” nikamjibu, nikimwashiria mama wa kibandani, ng'ambo ya lango, aniongezee mahamri mawili.