Ghorofa la Kijani

Jengo la matumizi mchanganyiko ni lile lenye biashara na makazi pamoja, mara nyingi biashara chini na makazi juu. Likiitwa endelevu, hutarajiwa kubana matumizi ya umeme na maji. Semina huliwasilisha kama jambo jipya. Kariakoo, jijini Dar es Salaam, haikungoja semina: nyumba ya Kiswahili ilikuwa na vyumba huku na huku, ukumbi wa kupitisha upepo katikati, ua nyuma, na barazani mtu akiuza maandazi.

Ghorofa lililoirithi limeendelea zaidi. Dar es Salaam iko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta, hivyo jua la asubuhi na la jioni hupiga kuta za mashariki na magharibi moja kwa moja, ilhali za kaskazini na kusini hukingwa na kibaraza kifupi tu. Basi upande wa magharibi huwekewa vioo vya buluu kutoka chini hadi juu. Joto likishakaribishwa ndani, huletwa kiyoyozi kulifukuza, na maji yake humdondokea mpita njia, bila malipo. Umeme ukikatika, jenereta la chini huwafukiza wapangaji wa juu. Ukijani wenyewe upo mapokezini: mnazi wa plastiki, usiodai kumwagiliwa.

Maegesho hudumu kwenye ramani hadi kibali kitoke, kisha huwa stoo ya vitenge.

Kuhusu mvua, Soko la Kariakoo, lililosanifiwa na Beda Amuli miaka ya 1970, lilipewa paa la miavuli ya zege ya kukusanya maji. Maghorofa jirani huyamwaga barabarani, halafu huagiza boza.