Jinsi ya Kuua Ganda la .303 Mapema

Umejipatia Lee-Enfield mnadani huko Kanada, ukoo ule ule wa bunduki walizobeba wazee wetu wa King's African Rifles (KAR) hadi Burma, na sasa unajaza maganda mwenyewe mezani ili uokoe pesa. Hongera. Ubaya ni kwamba ganda la .303 likitunzwa hudumu mno. Mwongozo huu utakusaidia kulimaliza upesi.

Kwanza, usiulize kwa nini chemba ya bunduki yako ni pana. Ilipanuliwa makusudi, ili risasi yenye matope ya mahandaki iingie bila ubishi. Wakanada walikwenda vitani na bunduki ya Ross, yenye chemba finyu, ikawakwamia mbele ya Wajerumani mwaka 1915. Kwa hiyo upana huo una heshima zake, nawe kazi yako ni kuutumia vibaya.

Ukifyatua, mwili wa ganda hung'ang'ania kuta za chemba huku kitako kikisukumwa nyuma mpaka kikutane na bolti. Kitakachovutika ni shaba iliyo katikati. Isitoshe, bolti ya Lee-Enfield hujifunga kwa nyuma, si mbele kama ya Mauser, kwa hiyo nayo hulegea kidogo. Hapo ndipo unapoingia na kalibu ya kulirudishia ganda umbo. Lisukume ganda lote hadi mwisho, bega lirudi lilipotoka kiwandani, mbali na lilipo bega la chemba yako. Likifyatuliwa litavutika tena, nawe ulirudishe tena: waya unaokunjwa na kukunjuliwa. Wako watu baridi wanaobana shingo peke yake, wakaliacha bega lilivyofinyangwa na bunduki yao, na ganda likaacha kuvutika. Achana nao. Hao hata shingo huipasha moto isipasuke.

Kuhusu baruti, vitabu vimeweka viwango vya juu vilivyopimwa kwa mitambo ya maabara. Wewe una jicho, na jirani aliyekwambia bunduki za zamani zilikuwa ngumu.

Okota pia maganda makuukuu ya jeshi. Yale yaliyotumia fataki za zebaki ni zawadi, maana zebaki hupenya kwenye shaba na kuifanya ikatike kirahisi. Ukichungulia ndani ukakuta vitundu viwili vidogo mahali pa kimoja kikubwa, ganda hilo halikuumbiwa kujazwa kwa vifaa vyako. Shindilia tu. Sindano ya kutolea fataki itavunjika, lakini heshima itabaki.

Halafu usikague kitu. Juu kidogo ya kitako utaona pete inayong'aa. Sema ni urembo. Usichukue waya mwembamba uliopindwa ncha na kuukwaruza ndani ya ganda, kwa sababu utanasa kwenye mfereji wa shaba iliyokonda, na raha yote itaishia hapo.

Ukifuata haya kwa uaminifu, siku moja utavuta bolti na kitatoka kitako peke yake. Nusu ya mbele itabaki chembani, risasi inayofuata haitaingia, na gesi ya moto huenda imeshakusalimia usoni.

Kwa msomaji aliyeanza kusitasita: ganda lenye pete ile halina dawa. Liponde kwa koleo, litupe kwenye vyuma chakavu, na kila unapofyatua vaa miwani.